Kabla hujanunua mashine ya kulamineti, uliza swali hili moja

Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya programu, simu na intaneti, na leo ninawaletea mashine ambayo haina hata skrini. Msinicheke. Ukiwa mwanaprogramu katika familia ya Kikenya, wewe ndiwe fundi wa kila kitu chenye waya. Redio ikinyamaza unaitwa. King'amuzi kikigoma unaitwa. Na mtu akitaka kununua mashine yoyote ya ofisi, pesa anatuma kwako na kusema, "Wewe unazijua hizi vitu."

Mwaka 2019 shemeji yangu alifungua saiba ndogo karibu na steji mjini Thika. Alikuwa na tarakilishi tatu, printa moja, mashine ya fotokopi, na kazi nyingi ya kuwajazia watu fomu za eCitizen na za KRA. Wateja wakawa wanamwuliza kila siku kama analamineti. Akanipigia simu: "Shem, nitafutie mashine ya kulamineti, hata ndogo tu."

Sasa nitakiri jambo. Nikitaka kuchagua programu ya kutumia kazini, huwa ninasoma siku mbili. Ninaangalia nani aliiandika, inafanya nini ikipata kosa, na nitajitoaje nikiichoka. Lakini mashine hii nilishuka matatu Nairobi, nikaingia Luthuli Avenue, nikauliza bei katika maduka matatu, nikachukua ya bei ya chini kabisa. Sikutumia hata nusu saa. Nilijiambia kwamba hii ni chuma tu inayopasha plastiki joto, kuna nini cha kuchagua?

Miezi minne baadaye akaja mzee mmoja na kijana wake. Kijana alikuwa ameitwa chuo na alitakiwa kuripoti wiki iliyofuata. Mzee alikuwa na cheti chake cha kumaliza shule ya upili, ile karatasi ya awali yenye sahihi ya mwalimu mkuu na muhuri wa shule. Alitaka kilaminetiwe ili kisinyeshewe njiani. Shemeji akakitia kwenye pauchi, akakiingiza mashinani. Kilipofika katikati, stima ikapotea.

Shemeji akajaribu kukivuta, hakikutoka. Kitufe cha kurudisha nyuma kilikuwepo, lakini kitufe hicho huendesha mota, na mota inataka stima. Wakangoja. Wakati huo wote rola zilikuwa bado za moto na zimekibana cheti pale pale. Stima iliporudi, plastiki ilikuwa imeshika rola, na mashine ikakizungusha cheti ndani kama mtu anayekunja chapati.

Nilifika jioni na bisibisi. Tulifungua skrubu nne, tukakata kwa wembe polepole. Cheti kilitoka vipande vitatu. Jina lilisomeka. Sahihi na muhuri vilibaki kwenye rola, vimeganda kama gundi ya zamani.

Mzee hakupiga kelele. Aliangalia vile vipande juu ya kaunta, akaniuliza, "Sasa kijana wangu, huyu mtoto amesoma wapi?"

Tuliwalipia nauli ya kurudi shuleni kuomba barua ya kuthibitisha. Mwalimu mkuu aliyekuwa ameweka sahihi alikuwa amehamishwa, kwa hivyo walienda mara mbili. Kijana aliripoti chuoni akiwa amechelewa. Nauli tulilipa, lakini lile swali la mzee silijalilipa mpaka leo, na ndilo lililonifanya nikae chini nizisome mashine hizi kama ninavyosoma programu. Haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza, pamoja na maoni yangu ambayo wauzaji wengine hawatayapenda.

MASHINE INAFANYA NINI HASA

Pauchi ni karatasi mbili za plastiki zilizoshikana upande mmoja. Kila moja ina tabaka mbili. Tabaka la nje ni poliesta, plastiki ngumu isiyoyeyuka kwa joto la mashine hii. Tabaka la ndani ni gundi ya plastiki inayoyeyuka. Mashine inapasha moto pauchi, kwa kawaida kati ya nyuzi 100 na 150 za Selsiasi, gundi inayeyuka na kuingia kwenye nyuzi za karatasi, kisha rola zinabana ili hewa itoke. Ikipoa, gundi na karatasi vimekuwa kitu kimoja.

Hapo kwenye "kitu kimoja" ndipo penye maana. Sisi wa programu tumezoea kubonyeza Ctrl na Z na kosa linafutika. Laminesheni haina kurudi nyuma. Ukiweka karatasi ikiwa imepinda, imepinda milele. Kwa hivyo mashine nzuri si ile inayotoa kazi safi siku ambayo kila kitu kiko sawa, kwa maana siku hiyo hata ile ya bei ya chini hutoa kazi safi. Mashine nzuri ni ile inayokuachia karatasi yako siku mambo yakiharibika.

SWALI LENYEWE

Ukifika dukani, kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji hivi: "Stima ikipotea karatasi ikiwa katikati, ninaitoaje?"

Kuna majibu matatu. La kwanza ni kwamba huwezi, mpaka stima irudi au uite fundi. Mashine hiyo iache pale pale. La pili ni kwamba kuna kitufe cha kurudisha nyuma. Kitufe hicho ni kizuri na kinasaidia sana karatasi ikianza kwenda upande, lakini, kama nilivyojifunza kwa uchungu, hakifanyi kazi kwenye giza. Jibu la tatu ndilo unalolitaka: kuna kishikio kidogo pembeni au juu ya mashine, ukikisukuma rola zinaachana kwa nguvu ya mkono wako tu, na unaivuta pauchi polepole. Kwenye maboksi mengi kishikio hiki huandikwa herufi tatu, ABS. Usitosheke na herufi. Mwambie muuzaji azime swichi ya ukutani karatasi ikiwa ndani, na uitoe wewe mwenyewe.

Nimesoma tathmini nyingi za mashine hizi kutoka Uingereza na Marekani. Zinasifu kasi, zinasifu rangi, zinasifu mashine isiyo na kelele. Swali la stima halimo, na sishangai. Aliyeandika hajawahi kukaa na foleni ya wateja saa kumi na moja jioni taa zikianza kufifia. Sisi tunanunua vifaa kwa kusoma shida za watu wengine, kisha tunashangaa vikitushinda kwa shida zetu.

Na tukiwa kwenye mambo ya stima, usiichomeke mashine hii kwenye UPS ya tarakilishi. Kitu chochote cha kupasha joto kinakula umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo italia, izime, na kuzima tarakilishi nayo. Mashine ya A4 huwa na wati mia tatu hivi, na ya A3 inaweza kuzidi mia tano. Vivyo hivyo kwa inveta ndogo za sola: soma wati nyuma ya mashine kabla ya kujaribu.

PAUCHI NDIYO GHARAMA

Watu hubishana wiki nzima kuhusu bei ya mashine. Hebu tupige hesabu kidogo, na namba hizi ni za mfano tu, weka za kwako.

Tuseme shule inalamineti karatasi 3,000 kwa mwaka, na pauchi moja inanunuliwa kwa shilingi 20. Hizo ni shilingi 60,000 za pauchi kila mwaka. Tuseme kuna mashine mbili, moja ya shilingi 5,000 na nyingine ya 14,000. Tofauti ni shilingi 9,000. Ukipata pauchi kwa shilingi 17 badala ya 20 kwa kununua boksi la pauchi mia badala ya kuokota moja moja dukani, umeokoa shilingi 9,000 kwa mwaka mmoja. Mashine bora imejilipa yenyewe, na bado hujahesabu pauchi ambazo ile mbovu ingeziharibu.

Umeme nao watu huuogopa bure. Mashine ya wati 500 ikiwaka mfululizo kwa saa mbili na nusu haiwezi kula zaidi ya uniti moja na robo. Angalia risiti yako ya tokeni, zidisha, utaona kwamba stima ya karatasi mia kadhaa haifiki bei ya pauchi tano.

Kwa hivyo kabla hujanunua mashine, tafuta kwanza utakakonunua pauchi. Kama mashine inataka saizi au aina ambayo duka la vitabu la mji wenu haliuzi, utakuwa unapanda matatu kila mwezi kufuata plastiki. Mashine za kawaida za pauchi hukubali pauchi za kampuni yoyote, mradi saizi na unene viko ndani ya kipimo chake. Muuzaji akikuambia lazima ununue pauchi zake peke yake, mwombe akuonyeshe kwenye kijitabu cha maelezo ni wapi pameandikwa hivyo.

UNENE: HAPA NDIPO WATU HUDANGANYWA

Unene wa pauchi hupimwa kwa mikroni. Mikroni 1,000 ni milimita moja. Nambari utakazokutana nazo sana ni 75 au 80, 100, 125, 175 na 250. Kwa kawaida nambari hiyo ni ya upande mmoja, kwa hivyo pauchi ya 125 inakupa mikroni 250 za plastiki jumla. Lakini wapo wanaoandika jumla ya pande zote mbili kwenye boksi, na mnunuzi anadhani amepata pauchi nene kwa bei ya chini. Dawa yake ni kuuliza: hii ni ya kila upande au ya pande zote mbili? Ukitaka kuhakikisha, ishike kwa vidole karibu na nyingine unayoijua. Vidole havisomi boksi.

Matumizi ninayoyapendekeza ni haya. Mikroni 75 au 80 zinatosha kwa matangazo ya ukutani na chati ambazo haziguswi sana. Mikroni 100 hadi 125 ni za menyu za hoteli, orodha za bei, ratiba, na kadi za kusomea ambazo watoto watazishika kila siku. Mikroni 175 hadi 250 ni za vitambulisho vya wafanyakazi na beji.

Ila kumbuka, mashine nayo ina mwisho wake. Mashine ya kiwango cha 125 ukiilisha pauchi ya 250, joto halitafika ndani vizuri na kazi itatoka na ukungu mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kinyume chake, pauchi nyembamba kwenye moto mkali hutoka na mawimbi. Ukiona ukungu, moto umepungua au kasi imezidi. Ukiona mawimbi, moto umezidi. Ukikumbuka hayo mawili tu, nusu ya safari za kwenda kwa fundi umeziondoa.

SHULE NA BIASHARA HAZITAKI MASHINE MOJA

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini Januari 2019, walimu wa madarasa ya chini wamekuwa mafundi wa karatasi. Kadi za herufi, picha za wanyama, chati za hali ya hewa, zote zinashikwa na mikono midogo yenye uji. Kwa shule mimi nasema nunua A3, si A4. Mashine ya A3 inalamineti A4 vizuri, lakini ya A4 haiwezi kulamineti chati. Tena karatasi ndogo nyingi unaweza kuzipanga pamoja ndani ya pauchi moja kubwa, ukazikata baadaye. Usisahau kuacha nafasi ya kama milimita tatu za plastiki kuzunguka kila kadi. Ukikata hadi kwenye ukingo wa karatasi, maji yataingia na tabaka zitaachana.

Shule iangalie kasi pia. Pauchi ya A4 ina urefu wa milimita 303. Mashine inayokwenda milimita 300 kwa dakika itachukua kama dakika moja kwa kila karatasi. Karatasi 300 za mwanzo wa muhula ni saa tano za mwalimu kusimama pale. Mashine ya milimita 600 kwa dakika itamaliza kwa saa mbili na nusu. Muda wa mwalimu ni gharama, hata kama hauonekani kwenye risiti. Halafu uliza kama mashine inahitaji kupumzika. Ndogo nyingi zimeandikwa kwenye kijitabu kwamba baada ya muda fulani wa kazi lazima zizimwe zipoe. Hizo ni za nyumbani, si za shule.

Shule kubwa sana, au kituo kinachohudumia shule kadhaa, kinaweza kufikiria mashine ya kutumia plastiki ya roli badala ya pauchi. Plastiki yake huwa nyembamba na nafuu kwa kila karatasi, na upana wake unameza chati kubwa. Lakini inataka meza yake, mtu aliyefunzwa, na kila ukiianza kuna plastiki inayopotea. Kama huna mtu mmoja wa kuisimamia, usiiguse. Nimeona vifaa vya shule vinavyofunikwa kitambaa na kugeuka meza ya kuwekea chai.

Biashara ndogo kama saiba ni tofauti. Wateja wake wanaleta kitu kimoja kimoja: leo kitambulisho, kesho namba ya till ya duka, keshokutwa ratiba ya kanisa. Hapa A4 inatosha kwa wengi. La muhimu ni mashine inayopata moto haraka, kwa sababu mteja hatangoja dakika tano kwa kazi ya shilingi hamsini, na utaizima na kuiwasha mara nyingi kwa siku. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua yenye rola nne badala ya mbili. Rola mbili za ziada huinyoosha kazi ikitoka, na mapovu hupungua.

Dokezo moja kwa wenye maduka: namba ya till au kodi ya QR ukiilamineti kwa pauchi inayong'aa, taa ya dukani itaakisi na simu ya mteja itahangaika kuisoma. Kuna pauchi zisizong'aa. Tumia hizo.

DUKANI, FANYA HIVI

Usinunue mashine iliyofungwa ndani ya boksi. Nenda na karatasi zako tatu: moja iliyotoka kwa printa ya leza, moja ya printa ya wino, na picha moja. Mwombe muuzaji aiwashe, uhesabu dakika mpaka taa iseme tayari. Pitisha karatasi ya kwanza ukitanguliza ule upande ulioshikana, siku zote huo ndio huanza. Ikitoka, iinue kwenye mwanga, uangalie pembe nne. Pembe ndizo husema ukweli, katikati hudanganya. Ya pili ikiwa ndani, bonyeza kitufe cha kurudisha nyuma uone kama inarudi. Ya tatu ikiwa ndani, mwambie azime ukutani, nawe uvute kishikio.

Kisha uliza nani ataitengeneza ikiharibika, na kama rola zake zinapatikana. Muuzaji akikasirika kwa sababu umemjaribia mashine, huyo ndiye atakayekasirika zaidi ukiirudisha.

Ukifika nyumbani, kuna mambo ambayo hayasamehewi. Usipitishe pauchi tupu. Usiikate pauchi kabla ya kuipitisha, gundi itavuja kwenye rola. Toa pini za stepla. Usipitishe kitu kidogo sana kuliko kipimo cha chini kilichoandikwa kwenye kijitabu, kitapotelea ndani. Na mara kwa mara pitisha karatasi nzito safi mashine ikiwa na moto, ili izoe gundi iliyobaki.

TUSICHOPASWA KULAMINETI

Hapa ndipo najua nitagombana na watu wa saiba, kwa sababu ni pesa yao.

Risiti za madukani, zile za karatasi inayochapishwa kwa joto, zisiingie mashinani. Karatasi hiyo hugeuka nyeusi ikipata moto. Mteja analeta risiti ya friji ili waranti isipotee, anarudishiwa kipande cheusi tii. Fanya fotokopi, lamineti fotokopi.

Na vyeti vya awali, iwe vya shule, vya kuzaliwa au vya ardhi, mimi nasema visilaminetiwe kabisa, hata mteja akisisitiza. Najua hoja yake: mvua, mchwa, watoto, moshi wa jikoni. Ni hoja ya kweli, na mzee wa Thika alikuwa na haki kuogopa mvua. Lakini ukilamineti, anayekagua hawezi tena kugusa muhuri uliobonyezwa kwenye karatasi, hawezi kuona vizuri alama za usalama, na hakuna wa kuongeza muhuri mwingine juu ya plastiki. Ndiyo maana mamlaka ya Social Security ya Marekani huwaambia watu wasilamineti kadi zao.

Wenye kuhifadhi nyaraka wamepitia somo hili kabla yetu. Katika miaka ya 1930 Mmarekani William Barrow alianza kulamineti nyaraka za kale kwa plastiki na joto, na maktaba na hifadhi nyingi zikamfuata. Baadaye ikaonekana kwamba nyingine zinaendelea kuharibika ndani ya plastiki ile ile iliyowekwa kuzilinda, na kuitoa ni kazi ngumu mno. Kufikia miaka ya 1970, Maktaba ya Bunge la Marekani ilikuwa ikitumia njia nyingine: karatasi inawekwa katikati ya plastiki mbili za poliesta zinazofungwa kingo tu, bila gundi kugusa karatasi. Ukitaka kuitoa, unakata ukingo, karatasi inatoka kama ilivyoingia.

Sisi tuna kitu kinachokaribiana na hicho, na kinauzwa katika kila duka la vitabu: ule mfuko wa plastiki angavu wa faili, wenye matundu pembeni. Mvua haipiti kirahisi, na cheti kinatoka wakati wowote. Kwa wenzangu wa programu, huo ndio mfuko wenye Ctrl na Z.

Utaniambia, mteja akikataliwa ataenda saiba ya jirani. Wengine huenda, ni kweli. Shemeji yangu sasa ana mashine yenye kishikio, na ana kibao kidogo kwenye kaunta, kimelaminetiwa, kinachosema hawalamineti vyeti vya awali. Mtu akileta cheti, kwanza anakiskani na kumtumia mwenyewe kwa barua pepe. Kisha anachapisha nakala ya rangi na kulamineti hiyo, na cheti chenyewe anakitia kwenye mfuko. Anatoza kazi tatu badala ya moja. Kwa hivyo hata ile hoja ya pesa, kwake imegeuka.

Mwisho, niseme jambo kwa walimu wakuu na wenye biashara. Karatasi iliyolaminetiwa ni karatasi, plastiki na gundi vilivyoshikana, na haichakatwi tena kirahisi. Ratiba ya wiki hii haihitaji plastiki. Lamineti kitu ambacho kitaishi mwaka mzima, mengine yabandike ukutani yalivyo.

Kijana wa yule mzee alimaliza chuo. Nilijua hivyo kwa sababu alirudi kwa shemeji kuchapisha barua za kuomba kazi. Safari hii alikuja peke yake, na cheti chake kipya cha chuo kilikuwa ndani ya bahasha ngumu, ndani ya mkoba, ndani ya koti. Shemeji alimwuliza kama anataka mfuko wa plastiki, bure. Akauchukua, akakitia cheti mwenyewe, hakumpa mtu akishike.

Haya, tukutane tena hapa, na safari ijayo nawaahidi tutarudi kwenye programu.